Cherehani Haifiki Chumbageni

Miaka ishirini na sita nimekanyaga pedali
na sijafika hata Chumbageni.
Nimeshona suruali zilizofika Muheza, Korogwe, Mombasa,
kanzu zilizokwenda Hija zikarudi,
mimi nikiwa palepale, Barabara ya Kumi na Saba,
gurudumu likizunguka,
kitambi kikisogea mezani taratibu
kama mteja anayetaka kukopeshwa.

Usingizi nao ukawa mgeni wa Tanga:
waja leo, warudi leo.
Wabisha saa nane, haunywi hata maji, huo.
Mimi macho darini, simu kifuani
ikinimulika kama mwizi aliyekamatwa,
namtazama mtu wa nchi ya mbali akitengeneza saa za watu.
Kando yangu Mwanamvua anakoroma kwa haki yake.

Pale Bombo, Nesi Mwantumu alinifunga mpira mkononi,
akapuliza, akasoma, akanyamaza.
Kisha akaivuta futi iliyokuwa shingoni mwangu,
futi yangu mwenyewe,
akanizungushia kiunoni.
Inchi arobaini na tatu.
Nimepima viuno vya mji mzima;
changu nilikuwa nakikadiria kwa macho.

"Sikupi kidonge leo," akasema, "nakupa barabara.
Huko Ngamiani mnazo tele, na zina namba. Hutapotea."

Siku ya kwanza nilitoka Kumi na Saba, nikaishia Kumi na Tano,
nikasimama kwa muuza kahawa
nikajifanya natafuta chenji.
Wiki ya pili, Kumi na Mbili.
Baiskeli zanipita, kengele juu ya kengele,
na watoto wa shule: "Fundi, umeibiwa yako?"
Mwezi wa pili nikavuka reli.
Sikuwa na shughuli yoyote ng'ambo ya reli.
Nilisimama Chumbageni nikitota jasho,
nikamenyewa chungwa, nikalila lote, nikarudi.
Cherehani ilinitazama
kama mke aliyekwishapata habari.

Mengine ni madogo, naona haya kuyasema.
Nguo moja ikiisha, nasimama,
nanyoosha mgongo mpaka ulie.
Chai ya mwisho ni ya alasiri;
ile ya saa nne usiku, iliyosimamisha kijiko kwa sukari,
tumeachana bila talaka.
Wali wa usiku nimepunguza.
Mwanamvua alinuna siku tatu,
akidhani napikiwa kwingine,
siku ya nne akavaa raba akanifuata.
Na simu inalala sebuleni
ndani ya kopo la vifungo, kifuniko juu.
Ikitetemeka,
vifungo vinacheka peke yao.

Si kila usiku.
Juzi nilikesha hadi adhana:
kodi ya fremu haijui habari za matembezi.
Lakini jana sikuihesabu kodi.
Nilifumba macho nikaanza safari mlangoni kwangu:

Kumi na Saba, taa ya fundi redio imezimwa,
Kumi na Sita, paka juu ya tofali,
Kumi na Tano, muuza kahawa anakung'uta majivu,
Kumi na Nne, mtu anafua usiku huu, nani huyo,
Kumi na Tatu…
Kumi na…

Mchana navuka reli na kurudi.
Usiku, wallahi,
Barabara ya Tisa sijapata kuiona.