Lango la Gombe

Andika, Feruzi, alisema bwana wangu Sudi,
nikaandika:
merikani, majora sitini; kaniki, kumi;
baruti mapipa manne;
shanga nyekundu zile wapendazo wake wa ikulu,
ambazo hapa Kwihara hazijaonekana tangu masika.
Mkopaji: Mtemi.
Mdhamini:
hapo kalamu ikasita.
Nani atamdhamini mwenye nchi?
Acha wazi, akasema bwana. Tutajaza baadaye.

Vita vyenyewe vilikuwa vya barabara.
Mtu fulani machweoni ameifunga njia ya Ujiji,
na rugaruga hawashibi kwa kusifiwa,
rugaruga hula mtama, huvaa nguo,
huhesabu siku kwa kukata alama kwenye mpini wa mkuki.
Mtemi alikuwa na ngoma, na kibangwa shingoni,
na mashangazi wa kumshauri mpaka alfajiri.
Kitambaa hakuwa nacho.

Basi akalipa kwa lango.
Sudi, alisema, kaa pale Gombe kwenye kivuko.
Kila pembe ipitayo, ushuru wake ni wako,
kiangazi hiki, na kijacho, na cha tatu.
Bwana alicheka njia nzima hadi tembeni,
akaagiza mizani mpya kutoka pwani,
nami nikapewa mkeka, wino, na paa la nyasi linalovuja.

Frasila kumi, moja yetu.
Kasanda mwindaji aliiweka pembe chini
polepole, kama anayemlaza mtoto mwenye homa.
Mwaka jana, akasema, kwa pembe kama hii nilipata majora matano.
Mwaka jana lango halikuwa na mwenyewe, nikamjibu.
Leo ni mawili na nusu.
Hakunitazama usoni. Aliitazama kalamu.
Nilijua anachokipiga hesabu, maana nami nilishakipiga:
wanunuzi wengine walikwisha kimbia ushuru,
na bwana ushuru alijitoza mwenyewe,
mkono wa kulia ukiupa wa kushoto,
akibaki peke yake sokoni na bei yake mfukoni.
Kwa hiyo baruti ya Mtemi ililipwa
na mtu aliyelala siku kumi na tano msituni
bila kuwasha moto, asije tembo akanusa moshi.
Hilo sikuliandika.
Daftari halikuwa na safu yake.

Kiangazi cha pili, asubuhi ya baridi,
nilikuta mkeka mwingine umetandikwa kando ya wangu.
Juu ya mkeka daftari, nyuma ya daftari
kijana wa Mwinyi Pazi, kanzu imepigwa pasi.
Mtemi amekopa tena, alisema kwa adabu,
akasogea kidogo
ili nami nipate kivuli.

Bwana akaenda ikulu.
Alipewa kigoda, alipewa asali ya nyuki wadogo,
akaulizwa habari za nyumbani hadi jua likapinda.
Kisha: Sudi, rafiki yangu, ukinibana nitashindwa vita.
Nikishindwa, utamdai nani?
Akarudi ameahidi majora thelathini zaidi.

Usiku ule hakugusa wali.
Soma, akasema. Nikasoma.
Soma tena.
Baada ya isha nilimsikia nyuma ya ukuta wa udongo
akimwombea Mtemi ushindi, na afya, na umri mrefu,
akimtaja kwa jina, na jina la baba yake, na la babu yake.
Mama yake mwenyewe alipougua
hakumwombea hivyo.

Mvua za kwanza zilipogonga nyasi
niliona mtu ng'ambo ya kivuko, mbali na njia,
akipita katikati ya miombo na kitu kirefu begani
kilichofungwa magome ya mti.
Mwendo ule naujua.
Kijana wa Mwinyi Pazi alikuwa amesinzia.
Nilichovya kalamu.
Nikaandika tarehe,
nikaandika: mawingu, upepo wa mashariki,
hakuna aliyepita.