Kisu cha Mpini wa Mpira

Mbodze ana miaka kumi na mmoja
na kisu chake mwenyewe.
Mpini kauzungushia mpira wa baiskeli
usimteleze vitunguu saumu vikitoa maji.
Ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nyuma ya vibanda vya Kongowea,
pale maji ya samaki yanapokutana na maji ya kabichi,
anamenya.
Beseni shilingi thelathini.
Matano, nasi tuna unga.

Mimi kakake, Tsuma, ishirini na mbili,
cheti cha kidato cha nne ki chini ya godoro,
kimekunjwa mara nne.
Alfajiri niko Changamwe, langoni kwa watu wa makasha.
Mwenye mabega huchaguliwa.
Mwenye mjomba huchaguliwa kabla ya mwenye mabega.
Saa nne narudi kwa miguu.
Jioni nakula.
Nalisema wazi:
nilikula sima iliyonunuliwa na mtoto,
na tonge lilinukia vidole vyake.

Walikuja watu na fulana nyeupe:
mtoto ni wa shule, si wa soko.
Mama akaitikia, akapewa fulana, akaivaa,
akauliza swali moja tu:
"Na unga?"
Wakaliandika daftarini.
Sijui daftari lilikwenda wapi.

Kilichokuja kilikuja polepole, bila fulana.
Sanduku la chuma, kijani, kufuli tatu,
funguo tatu kwa wanawake watatu wasiopendana,
ndiyo maana hazikukutana ila mkutanoni.
Kila Jumapili, Mishomoroni, uani kwa Bi Nyevu,
hamsini, hamsini.
Asiyekuja, faini. Anayechelewa, faini.
Anayesengenya, faini,
na hiyo ndiyo iliyolijaza sanduku.
Mwezi wa tano mama akakopa elfu nane:
karai, jiko, gunia la viazi, ukwaju wa kusaga.
Wiki ya kwanza ikanyesha mfululizo.
Viazi vikarudi nyumbani, tukavila sisi,
asubuhi na usiku tukitafuna deni.
Wiki ya tatu vibarua wa mjengo wakaijua njia.

Nami?
Fundi Bwanaheri wa majokofu, kule Sabasaba,
alitaka mtu wa kumbebea mtungi wa gesi.
Nikabeba miezi mitatu kwa nauli.
Mwezi wa nne akanipa bisibisi.
Siku moja friji ya bucha, iliyokwisha kusomewa,
ikakohoa, ikanguruma mikononi mwangu,
nikaweka shavu mlangoni pake
kama asikilizaye mtoto tumboni.
Elfu moja na mia mbili. Zangu.

Nikampelekea Mbodze pale pale ndooni.
Nikamwambia, inuka.
Alizihesabu kwanza, mara mbili,
akaimulika noti ya mia tano juani
kama mwenye duka.
"Hizi za leo," akasema. "Na za kesho?"
Sikuwa na jibu.
Akamaliza beseni.

Jibu lilichukua wiki sita.

Sasa yumo darasa la nne, mrefu kuliko wote,
nyuma, karibu na dirisha.
Mwalimu akiuliza robo tatu ya kilo
chaki haijagusa ubao naye ashasema.
Usiku husugua vidole kwa ndimu na majivu.
Harufu inapungua.
Kisu amempa mama, kinamenya viazi,
lakini mpira hataki ubanduliwe.

Jumamosi nilipita Kongowea kununua ukwaju.
Ndoo ilikuwa palepale, imepinduliwa vilevile,
na juu yake mvulana nisiyemjua,
nyayo hazifiki chini.
Nikamuuliza kama ana kaka.
Hakuinua macho.
Alielekeza kwa ncha ya kisu
upande wa Changamwe.

Mwambie, nikasema, aje Sabasaba,
aulizie Fundi Bwanaheri.
Mtungi hauna mbebaji.