Viambato: Malai

Miaka thelathini na mmoja niliendesha lori la maziwa,
zizi hadi zizi, kandokando ya ziwa lililoganda,
nikiunga bomba kwa vidole visivyosikia tena,
na sikuuliza hata siku moja
kiwandani huwa wanayafanya nini.
Mchukuzi haulizi. Mchukuzi hupeleka.

Leo nimesimama mbele ya jokofu la duka, Östersund,
kofia kwapani, miwani ya marehemu Gunvor puani
(yangu nimeisahau garini),
nasoma pakiti kama mtu anayesoma hati ya mashtaka.

*Krimu ya kupikia.* Herufi za mviringo,
na ng'ombe anayecheka.
Nimefahamiana na ng'ombe elfu kadhaa. Sikumwona aliyecheka.
Geuza nyuma: maziwa, malai kidogo, wanga wa mahindi,
kisha wanga tena kwa jina jingine,
kama mdaiwa aliyehama mtaa,
kisha herufi na namba, kisha utomvu wa mwani.
Mwani! Huku kwetu bahari iko mbali
hata shakwe akipotea akafika, tunamtazama kama mgeni.

Novemba, muuguzi Tuva aligonga kalamu
juu ya karatasi yenye majibu ya damu yangu.
"Folke, wanga ndio unaokupandisha.
Viazi, mkate, uji: punguza mpaka uone haya.
Na soma. Soma hata kile unachodhani unakijua."
Nikamwambia, viazi nimekula tangu mama yako hajazaliwa.
Akasema, "Ndiyo. Inaonekana."

Rafu ya chini kabisa, mahali goti langu halitaki kwenda,
pakiti fupi nyeupe, haina ng'ombe, haina tabasamu.
Goti likaenda.

Viambato: malai.

Nukta.
Nikaigeuza, nikaigeuza tena, nikitafuta neno la pili,
kama mtu aliyesimuliwa siri akanyimwa mwisho wake.
Mafuta, asilimia arobaini. Bei, nayo, ya kukunja uso.
Melker, kijana anayepanga bidhaa, akanihurumia:
"Ile ya juu ina punguzo, mzee. Tena haikatiki ikichemka."
"Na hii je?"
Akainua mabega. "Hii hununuliwa na bibi yangu."

Nyumbani: siagi, kitunguu nusu,
nusu tu, maana hata kitunguu kina sukari yake ya chinichini.
Uyoga wa manjano niliuloweka tangu asubuhi,
wa chupa ya mwisho yenye mwandiko wa Gunvor,
Agosti, na mwaka ambao sipendi kuutaja.
Nikamimina malai.
Yakashuka polepole kikaangoni
kama mtu mnene anayeingia ziwani,
yakatulia, yakatoa mapovu mazito,
wala hayakukatika.
Hayakutaka unga wa kuyashika mkono.
Yalitaka moto mdogo
na mtu asiye na pa kwenda.

Nikaonja kwa mwiko.

Nikazima jiko. Nikakaa.

Miaka miwili nimepika mchuzi huu huu,
miaka miwili nimeulaumu mkono wangu:
nikasema ladha ameondoka nayo,
nikasema ulimi wa mjane ni mbao.
Na kila Jumamosi, kwa punguzo,
nilikuwa nikimbeba ng'ombe anayecheka hadi nyumbani.

Gunvor hakuniambia. Mimi sikuuliza.
Alikuwa akiinama hadi rafu ya chini,
yeye na goti lake lililokuwa bovu kuliko langu.

Nikala na kabichi, nyama ya nguruwe, mchuzi mpaka ukingoni.
Kiazi nilikitamani, sitaficha;
sahani bila kiazi ni kama kitanda upande mmoja.
Usiku nikachoma kidole, nikasoma namba.
Haikuwa nzuri. Ilikuwa afadhali ya juzi.

Pakiti ilibaki na vijiko viwili.
Nimeifunga kwa kibanio cha nguo,
nimeiweka mlangoni mwa jokofu,
neno lake moja likinitazama.