Nabhi

Nimeipindua baiskeli ya marehemu baba
mlangoni kwa Hasmukh, nyuma ya soko la zamani, Malindi.
Gurudumu lalia kama paka aliyefungiwa stoo.

Afuta grisi, aonyesha spoki zinapokutana:
“Hapa ni nabhi. Kisanskriti. Babu alinifunza.”
Kisha, bila haya, apandisha fulana,
kidole chenye oili juu ya tumbo:
“Na hapa nabhi.”

Nacheka. Mwanangu ana siku nane.
Jana kitovu kilimdondoka,
Bi Mwanashumu akakiviringa kwa pamba,
akakifukia chini ya mkomamanga:
hata akihamia Maskati, atavutwa.

“Na ndugu wa damu?”
“Nao nabhi. Neno moja,
kazi tatu, mshahara hakuna.”

Azungusha gurudumu hewani. Halilii tena.
Spoki zatoweka kwa mbio,
labaki lile tundu la katikati, limetulia.

Namuuliza chake kilizikwa wapi.
Nilitarajia ataje ng'ambo.
Agonga sakafu kwa spana, mara mbili:

“Hapa. Mama alikizika
kabla hatujatia simenti.

Mia mbili na hamsini, dada.
Na breki zako zimekwisha.”