Meza ya Thora

Montana, Januari, saa mbili asubuhi,
dirisha limeota barafu kwa ndani.
Thora Engebretsen anafuta uji wa shayiri mezani
kwa pembe ya aproni, na darasa limeanza.

Linnea, miaka tisa, soksi mbili zisizofanana,
anakariri: mensa, mensae, mensae, mensam,
kisigino kikigonga mguu wa kiti
kama mtu anayehesabu siku za kifungo.

Mensa ni meza.
Neno lilelile Wareno walitubwagia sisi
wakaenda zao, nasi tukalia wali juu yake.
Na kwetu meza ni amri pia.
Meza dawa. Meza mate. Meza machozi.
Linnea hajui Kiswahili, ila anaimeza
tangu Oktoba, na haishuki.

Krismasi alikuja wifi yake Thora, Darlene,
na sanduku la kadi za rangi, nyota za kubandika,
peremende moja kwa kila neno lililonyooka.
"Mtoto asipocheka," alisema, "hajifunzi."
Thora akajaribu. Wiki nzima nyumba ikawa sikukuu.
Ijumaa alipouliza, Linnea alikumbuka yote:
nyekundu ina ladha ya mdalasini,
kijani ni tufaha, ile nyeupe haifai.
Kuhusu meza, hakuna.

Kadi zikapandishwa juu ya kabati.
Thora akashika njia ya marehemu baba yake,
mchimba visima, aliyekuwa akisema
maji hayatoki kwa kutekenywa.
Kurasa tatu za kunakili kila siku, mgongo wima.
Mwandiko ukanyooka. Mtoto akapinda.
Chozi likaangukia mensarum,
wino ukavimba, herufi zikawa viluwiluwi.

Usiku, watoto wakishalala,
Thora hukaa na kitabu hichohicho.
Yuko somo moja tu mbele ya binti yake.
Huzisoma zile safu kwa midomo, bila sauti,
na kuna jambo hamwambii mtu:
neno likibadili mkia wake
sentensi nzima hugeuka kulitazama.
Hiyo ni raha? Ni kazi? Hajui aiite nini.
Anachojua ni kwamba chai imepoa
na hakuiona ikipoa.

Jumanne Linnea akatokea na kamusi, pana kuliko kifua chake.
"Mama. Ludus."
"Enhe?"
"Maana ya kwanza, mchezo. Maana ya pili,"
kidole kimesimama juu ya ukurasa kama cha wakili,
"shule."
Ndani ya jiko gogo likapasuka.
"Warumi walikuwa na neno moja, Mama. Moja.
Wewe umelikata ukanipa nusu."

Thora akatazama juu ya kabati.
Akatazama kurasa zilizovimba.
Akasema lililomjia mdomoni:
"Mbuzi hawajanyweshwa."

Linnea akatoka na shoka dogo.
Baridi ya kung'oa masikio, hori la maji limeganda.
Akapiga. Hakuna aliyemwahidi peremende,
hakuna aliyemwambia anyooshe mgongo;
kulikuwa na mbuzi saba na kiu yao, basi.
Akapiga tena. Barafu ikalia, ikaachia,
maji meusi yakapumua mvuke,
na Thora, mlango ameuegesha, akasikia
mensa, pa! mensae, pa! mensae, pa!
mpaka chini ya safu, kisha wingi wake,
mbuzi wakisikiliza kwa pembe,
na kosa moja, kubwa, lililotamkwa kwa fahari:
mensabus.

Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwa aproni.
Thora akaigusa.
Mensis, akasema moyoni. Mensis, si mensabus.
Kesho.
Leo wacha wanywe.