Baki

Gari ya kokoto ilivunjika ekseli,
basi nikaenda mwenyewe Vitongoji
kuhimiza mzigo wangu: ndoo mia tatu
za sakafu ya nyumba ninayojenga Machomane.

Dalali, Kombo, nilikwishambana.
Alitaka mia nane kwa ndoo, nikampa mia sita,
nikarudi ofisini najisifu kwenye chai:
ujenzi, ukiwa mpole, unaliwa mzima.

Wanawake saba, juani.
Kila mmoja na kichuguu chake,
kila mmoja na kata ya mpira wa tairi
ya kulizuia jiwe lisiruke.
Jiwe huruka vivyo hivyo.
Mmoja amevaa miwani ya kioo kimoja,
upande wa pili pamezibwa kwa plasta.
Sikuuliza kama nyuma yake mna jicho.

Nikasema, kwa ile sauti ya mwenye fedha,
"Mia tatu zimetimia?"
"Zimetimia. Na kwa mia mbili uliyopunguza
umeokoa elfu sitini."

Miye ndio kwanza natafuta simu nipige hesabu.

Niliijua sauti, si uso.
Sauti iliyokuwa ikininong'oneza jibu
darasa la sita, dawati la dirishani,
kabla mwalimu hajageuka ubaoni:
sita mara kumi na tisa, mia na kumi na nne.
Time Shaame.
"Nimekujua tangu unashuka garini," akasema.
"Weye unatembea vile vile,
kama unaogopa kuchafua viatu."

Viatu. Nilikuwa navyo,
vya mjomba, kutoka Maskati, pea mbili kila Idi,
na bahasha ya tuisheni, na ya mafuta ya taa.
Time siku ya mtihani alikuwa hospitali
anamuuguza mama yake.
Nikakaa peke yangu kwenye dawati la wawili,
nikafaulu,
na miaka ishirini na tano nimekuwa nikisema,
hata kwa watoto wangu wakilalamika:
mimi nilijituma.

Nilijituma, ndiyo. Uongo si hapo.

Nikatoa elfu sitini. Viganja vilinitoka jasho
kama mwizi anayerudisha kuku mchana.
Sijui nilitaka nini: nishukuriwe, labda,
au nitukanwe, tumalizane.
Time hakufanya hili wala lile.
Aliwatazama wenzake, midomo ikacheza kidogo.
"Saba. Elfu nane na mia tano kila mtu.
Inabaki mia tano."
Akafungua pindo la kanga, akanipa sarafu.
"Hii haigawiki. Yako."
Kisha akaliinamia jiwe, maana jua halimngoji.

Sakafu imekauka. Fundi anaisifu,
anasema hata ukiiangushia kinu haitii ufa.
Usiku nikipita pekupeku kwenda kunywa maji
nasikia, au najitia kusikia,
ko, ko, ko, chini ya nyayo.

Sarafu iko dirishani.
Kuitumia siwezi. Kuitupa siwezi.
Juzi mwanangu kaiokota, kaniuliza ni ya nani.
Nikaanza kumjibu,
nikanyamaza,
nikaanza tena, tangu dawati.