Kikombe cha Nyigu

Saa kumi na mbili na robo basi la kiwanda hutushusha
mlangoni mwa maabara, hapa Jaboticabal,
wanawake kumi na wanane, kofia za wavu, mikono mitupu,
maana glavu huua hisia ya kidole
na kazi yetu yote iko kidoleni.

Namshika kiwavi kwa gumba na shahada.
Namsogeza kwenye mdomo wa kichupa
alimo nyigu mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi.
Anampapasa. Anapanda. Anachoma.
Hujapepesa macho mara mbili.
Mwingine.
Mwingine.
Kufikia mchana nimekwisha kuwatoa elfu moja na mia moja,
na hakuna aliyepiga kelele.

Tunawalisha vizuri, msije mkadhani.
Soya, ngano, vitamini, na sukari. Ndiyo, sukari,
ile ile tunayowakataza kule nje.
Siku kumi na mbili baadaye ubavu wa kiwavi unatoboka,
wanatoka watoto wasio wake, hamsini, sitini,
wanajifumia vifuko vyeupe,
lundo moja kama wali uliomwagika.
Naye yuko pembeni, ngozi tupu, gunia lililokwisha kazi.

Baba yangu alimjua kiwavi huyu kwa njia nyingine.
Teodomiro alibeba pampu ya dawa mgongoni miaka tisa.
Dawa ilianguka juu ya jani, mtoni, juu ya shati lake,
kila mahali isipokuwa pale alipokuwa adui:
ndani ya pingili, gizani,
akibungua fundo hadi fundo,
akitupa unga nje kama seremala.
Kikulacho ki nguoni mwako, husemwa;
huyu hakuwa nguoni, alikuwa ndani ya mfupa.
Baba alikohoa. Kiwavi hakukohoa.

Nyigu peke yake anaujua mlango ule.
Harufu ya unga ndiyo ramani yake.
Huingia shimoni kwa miguu, kama mgeni aliyepewa ufunguo.
Wanasema mababu zake waliletwa kwa ndege kutoka Asia,
na muwa nao ulitoka pande hizo, kwa merikebu,
na babu wa babu yangu kutoka kwingine, kwa merikebu nyingine,
hakuulizwa.
Kati yetu wanne, mwenyeji ni kiwavi.

Vikombe vilikuwa kazi ya kaka yangu Edivânio.
Asubuhi, jua halijawa kali,
hatua sitini, anafungua kifuniko, anapachika kikombe kwenye jani,
hatua sitini tena.
Miwa ilimpita kichwa; ulijua alipo kwa mluzi wake.
Mwaka jana wakaleta droni.
Sasa Edivânio anauza betri za simu mjini
na bado anahesabu hatua akienda kununua mkate.

Jana nilivua kofia nyumbani, nikamwona mmoja,
amesafiri nami ndani ya nywele,
akitembea ukingoni mwa bakuli la sukari.
Hakuitaka. Aliipapasa meza,
akanipapasa mimi, kidole kile kile,
akaniacha. Sikuwa yule anayemtafuta.
Umri wake ni siku moja na nusu, mbili akibahatika,
na ilikuwa saa tatu ya usiku.

Nikamfunika kwa kikombe cha kahawa cha plastiki,
nikatelezesha bahasha ya bili ya umeme chini yake,
nikavuka barabara na kandambili zangu
mpaka mstari wa kwanza wa miwa.
Sikuhesabu hatua.
Nikakipachika penye kikwapa cha jani, kama alivyokuwa akifanya kaka.
Nilidhani nasikia kitu kikitafuna.
Labda upepo.

Asubuhi basi lilipopita, kikombe kilikuwa bado pale.
Lindaura, akaniuliza jirani yangu wa kiti, unatazama nini?
Dereva alikuwa na haraka.
Sikuweza kuona kama kilikuwa kitupu.